Kutembea Shamian, Uzunguni mwa Guangzhou: mwongozo wa nusu siku

Wengi wetu tunaijua Guangzhou, mji wa kusini mwa Uchina, kwa mzigo. Unashuka uwanja wa ndege wa Baiyun, unafikia Xiaobei au Sanyuanli, unazunguka maduka ya jumla siku nne, unamkabidhi wakala mzigo wako, unarudi Dar, Mombasa au Bujumbura. Mimi nami nilikwenda hivyo safari tatu. Safari ya nne kiwanda kikachelewesha bidhaa, nikawa nashinda bila kazi, na Mtanzania mmoja aliyekaa kule miaka mingi akaniambia, "Twende Shamian ukapumzishe macho." Tangu siku ile sijafika Guangzhou nikaondoka bila kuvuka lile daraja.

Shamian ni kisiwa kidogo kando ya Mto Lulu, urefu wake kama mita 900 na upana kama 300. Ndani yake yamo majengo zaidi ya 150 ya mtindo wa Ulaya: mabenki, balozi ndogo, makanisa, nyumba za wafanyabiashara. Kwa Kiswahili mahali kama hapo tuna jina lake tayari, Uzunguni. Na kama zilivyokuwa Uzunguni zetu, uzuri wake uliwekewa geti.

Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu uingie kwa njia aliyoingilia Mchina wa wakati ule: kutoka ng'ambo, kwa miguu, kupitia darajani. Ukishushwa na teksi mbele ya hoteli utaona majengo mazuri, utapiga picha, utaondoka. Ukianzia ng'ambo utajua ulichokiona.

Kabla ya kutoka

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Aprili mvua ni nyingi, na katikati ya mwaka joto la Guangzhou linamshinda hata mtu wa Tanga, maana upepo wa bahari hakuna. Chagua siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili kisiwa kinajaa maharusi na wapiga picha wao, na utatumia muda mwingi kusubiri gauni la mtu lipite. Fika saa mbili asubuhi. Wakati huo wazee wa mtaani wako nje wanafanya mazoezi ya taratibu chini ya miti, na jua bado linaingia kwa ubavu kwenye matao ya nyumba.

Kiingilio hakuna. Kisiwa ni mtaa wa watu. Kuna wakazi, kuna shule, kuna nguo zimeanikwa madirishani.

Simu yako iandae ukiwa hotelini. Google haifunguki kule bila VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kwa hiyo weka ramani ya Amap, na uhifadhi herufi hizi za kumwonyesha dereva au mpita njia: 沙面. Malipo karibu yote ni kwa Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na siku hizi kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani unaweza kuiunganisha humo. Fanya kazi hiyo kabla hujatoka, kwa sababu utaombwa pasipoti kuthibitisha jina. Pasipoti yenyewe tembea nayo. Polisi wakiiomba ni haki yao. Beba pia karatasi za chooni. Vyoo vya umma ni vingi, ni safi na ni bure, lakini karatasi usizitegemee.

Kufika

Shuka kituo cha Huangsha, ambapo laini ya 1 na ya 6 za metro zinakutana. Kama umelala Sanyuanli, panda laini ya 2 hadi Gongyuanqian, kisha laini ya 1 kuelekea magharibi. Wa Xiaobei apande laini ya 5 kituo kimoja tu hadi stesheni kuu ya reli, ahamie laini ya 2, halafu afuate njia hiyohiyo. Nauli inaanzia yuan 2.

Kwa Waislamu nina pendekezo. Siku ya Ijumaa swali kwanza Huaisheng, msikiti mkongwe wa Guangzhou wenye mnara mweupe wa mviringo, ambao mapokeo yanasema asili yake ni ya zama za Masahaba. Uko karibu na kituo cha Ximenkou, laini ya 1. Kula hukohuko kwenye migahawa yenye maandishi 清真, maana yake halali, kisha panda treni: vituo vitatu tu uko Huangsha. Chakula cha halali ndani ya Shamian usikitegemee.

Hatua ya kwanza: simama ng'ambo

Ukitoka kituoni, usikimbilie kuvuka. Barabara kubwa iliyo mbele yako, ile yenye barabara nyingine ya juu kichwani mwake, inaitwa Liu'ersan. Maana yake ni sita-mbili-tatu. Ni tarehe: mwezi wa 6, siku ya 23. Mwaka ni 1925. Chini yake kuna mfereji mwembamba wa maji, na baada ya mfereji ndipo unapoanza ukuta wa mawe wa Shamian. Simama hapo kwenye kingo, nikueleze.

Mwaka 1757 mfalme wa Uchina aliamuru kwamba Wazungu wanaokuja na meli wafanye biashara Guangzhou peke yake. Wakapangiwa kipande cha ufuoni chenye maghala kumi na matatu, mashariki kidogo ya hapa, na hawakuruhusiwa kuja na wake zao wala kuingia ndani ya mji. Wanunuzi wa nguo mnalijua jina la mahali pale, Shisanhang. Mpaka leo kuna masoko ya nguo za jumla. Uingereza ilipoona fedha zake zinaisha kwa kununua chai, ikaleta afyuni kutoka India, na vita mbili zikapiganwa. Katika ya pili, Desemba 1856, maghala yale yaliteketea kwa moto.

Washindi, Waingereza na Wafaransa, hawakutaka kurudi palepale. Walitaka mahali pao wenyewe. Mwaka 1859 wakachukua tuta la mchanga lililokuwa limezungukwa na maji ya mto, na jina Shamian lina maana hiyo hiyo ya mchanga. Wakalijaza udongo, wakalizungushia ukuta wa granite, na upande wa kaskazini, huu ulipo wewe, wakachimba mfereji ili pawe kisiwa kamili. Mwaka 1861 kazi ikawa tayari. Waingereza walilipa sehemu nne za gharama wakachukua sehemu nne za ardhi, upande wa magharibi. Wafaransa walilipa moja wakachukua moja, upande wa mashariki. Ndani ya mipaka ile walikuwa na polisi wao, sheria zao na baraza lao la mji. Mchina aliyevuka alikuwa mgeni katika nchi yake.

Uangalie mfereji vizuri. Upana wake hauzidi wa barabara ya kawaida. Mtoto angerusha jiwe likafika ng'ambo. Mimi kila nikisimama hapo ndilo linalonigusa: umbali ulivyo mdogo.

Hatua ya pili: vuka daraja la magharibi

Madaraja ya zamani ya kuingilia yalikuwa mawili, la magharibi la Waingereza na la mashariki la Wafaransa. Anza na la magharibi. Yalikuwa na mageti ya chuma, na usiku yalifungwa.

Juni 19, 1924, kijana wa Kivietnam aitwaye Phạm Hồng Thái alirusha bomu ndani ya hoteli moja ya hapa kisiwani, akimlenga Martial Merlin, gavana mkuu wa Wafaransa huko Indochina, koloni lao lililoijumuisha Vietnam. Merlin alinusurika. Kijana alikimbia, akajitosa mtoni, akafa maji. Wakubwa wa kisiwa wakajibu kwa kuwabana Wachina: kila Mchina anayetaka kuingia awe na kibali chenye picha yake. Kipande, kwa neno letu. Babu zetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Kenya, waliotembea na kile kijikebe shingoni, wangeielewa habari hii bila kutafsiriwa. Wachina nao walielewa. Wapishi, mayaya, makarani na hata polisi wa Kichina waliweka zana chini, wakatoka kisiwani, wakakaa nje wiki kadhaa mpaka amri ikalegezwa.

Mwaka uliofuata ndiyo ile sita-mbili-tatu. Maandamano makubwa ya wafanyakazi, wanafunzi na wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Whampoa yalipita kwenye barabara uliyotoka kusimama. Askari wa Kiingereza na Kifaransa waliokuwa upande huu wa mfereji walifyatua risasi, na bunduki za rashasha zikatumika. Waliokufa walizidi 50. Mgomo na ususiaji wa bidhaa za Kiingereza ukaendelea Guangzhou na Hong Kong kwa zaidi ya mwaka mzima. Wenyeji wakasimamisha jiwe la kumbukumbu lenye herufi nne zinazosema: usiisahau siku hii.

Sasa vuka. Wakati huu hakuna atakayekuuliza kitu.

Hatua ya tatu: soma mtaa wa kati

Mitaa ya urefu ni mitatu: wa kaskazini Shamian Beijie, wa kati Shamian Dajie, wa kusini Shamian Nanjie. Vimitaa vitano vinaikata, navyo vimeitwa kwa namba. Kupotea haiwezekani, kwa hiyo funga ramani, tembea.

Mtaa wa kati ndio roho ya kisiwa. Katikati yake kuna bustani ndefu, na pande zote mbili miti iliyozeeka mpaka matawi yameshikana juu. Mingine ni ya jamii ya mkuyu, yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu. Mingine ni mikafuri, na hii nataka uikaribie. Imepewa vibao vya usajili vyenye umri wake. Utakuta ya miaka zaidi ya mia. Okota jani lililoanguka chini, livunje, lipeleke puani. Harufu inayopanda ni ya karafuu maiti. Mtu aliyekulia pwani haisahau; ni ile ya sandani, ya siku za msiba. Mara ya kwanza niliinusa nikiwa nimesimama mbele ya benki ya Waingereza, nikamkumbuka bibi yangu, nikakaa kwenye benchi kwa muda.

Benki yenyewe iko namba 54, jengo la HSBC la mwaka 1920. Lijue kwa nguzo zake kubwa zinazopanda ghorofa zaidi ya moja na kwa kibanda cha mviringo juu ya kona yake. Simama upande wa pili wa mtaa ulione lote, kisha lisogelee uguse mawe ya chini. Ni granite. Utakuta majengo mengi ya hapa yana msingi wa namna hiyo, kwa sababu chini ni mchanga na mto ni jirani.

Kisha tazama baraza. Waliojenga hapa mwanzoni walikuwa wametoka India na Asia ya kusini-mashariki, na walijifunza huko kwamba nyumba ya Ulaya iliyofungwa kila upande ni tanuri katika nchi ya joto. Wakaizungushia varanda yenye matao, kila ghorofa, ili jua liishie nje ya chumba. Ukitoka Zanzibar, Lamu au Mombasa huhitaji maelezo. Umeiona kazi hiyo kwenye ofisi za serikali ya kikoloni na nyumba za mabalozi. Milango ya madirisha yenye vipande vya mbao vilivyolala, inayopitisha upepo na kuzuia jua, nayo utaitambua. Majengo ya baadaye, ya miaka ya 1900 na kuendelea, varanda zinapungua na nguzo zinakuwa za kujionyesha. Hapo fedha ilikuwa imeanza kuzungumza kuliko joto. Ukilijua hilo moja, unaweza kukisia umri wa jengo kabla hujasoma kibao chake.

Vibao vipo. Majengo ya Shamian yalitangazwa urithi wa taifa unaolindwa mwaka 1996, na mengi yana maelezo mafupi kwa Kichina na Kiingereza. Tafuta majina ya makampuni ambayo bado yapo duniani: Jardine Matheson, Swire. Tafuta pia nyumba ya matofali mekundu iliyokuwa ya maofisa wa forodha. Wenyeji wanaiita Jengo Jekundu. Kuingia ndani ni bahati, maana mengi ni ofisi au makazi. Yaliyogeuzwa mikahawa ndiyo njia rahisi: agiza kahawa, panda ghorofani, kaa barazani. Bei ni ya juu kuliko ya mtaani, lakini hiyo ndiyo nafasi ya kuujua ubaridi wa baraza kwa mwili wako.

Njiani utakutana na sanamu za shaba za watu wa zamani: mtoto anacheza, mwanamke kavaa kizamani, Mzungu na kofia yake. Watalii wanapanga foleni kupiga nazo picha. Mimi huzipita. Heri wazee wanaocheza karata chini ya mikafuri.

Kuhusu picha: utaombwa wewe. Mtu mweusi Shamian bado anaangaliwa, na mama wa makamo anaweza kukujia na simu akitabasamu. Ukipenda kubali, usipopenda tikisa mkono kwa upole na uendelee, haichukuliwi vibaya. Na wewe ukitaka kumpiga mtu picha, mwonyeshe simu kwanza.

Hatua ya nne: kanisa dogo la mashariki

Ukiendelea mashariki unaingia sehemu ya Wafaransa bila kuona mpaka. Kwenye namba 14 kuna kanisa la Bikira Maria wa Lourdes, lililokamilika mwaka 1892. Ni dogo, lina mnara mmoja uliochongoka, na pembeni pana pango la kutengenezwa lenye sanamu ya Bikira Maria. Wakati wa misa nyamaza na simu weka mfukoni. Watu wanasali kwelikweli.

Kanisa kubwa la Wafaransa halikuwekwa kisiwani. Liko Yide Road, linaitwa Nyumba ya Mawe, lote kwa granite, na minara yake miwili ina urefu wa mita 58 na ushei. Lilianza kujengwa 1863 likamalizika 1888, juu ya uwanja wa jumba la gavana wa Kichina lililobomolewa vitani. Usilifuate leo. Yide Road ina maduka ya jumla ya midoli na mapambo; siku utakayokwenda kuyanunua, kanisa liko pale pale na metro ina kituo chenye jina la barabara.

Hatua ya tano: rudi kwa upande wa mto

Shuka kusini hadi Nanjie, kisha geuka magharibi uende na mto. Viwanja vya tenisi vya walowezi bado vipo na bado vinachezewa. Kwenye bustani kuna mizinga ya chuma ya enzi za vita vya afyuni, midomo imeelekea majini. Karibu na mwisho wa magharibi liko kanisa la Waanglikana la rangi ya njano, la miaka ya 1860, lisilo na mapambo mengi.

Halafu utaiona hoteli ndefu nyeupe ambayo haifanani na chochote kisiwani. Ni White Swan. Wapenda majengo ya kale wanailaumu kwa kuwaziba mto, na nawaelewa. Lakini ina historia yake. Ilifunguliwa mwaka 1983 kwa mtaji wa Henry Fok, tajiri wa Hong Kong, pamoja na serikali ya jimbo, wakati Uchina ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango. Jirani yake ulikuwapo ubalozi mdogo wa Marekani mpaka 2013, na Wamarekani waliokuja kuasili watoto wa Kichina walilazimika kupita Guangzhou kuchukua viza ya mtoto. Basi mitaa hii ilijaa wazazi wageni wakisukuma vigari vya watoto, na maduka yakauza nguo za watoto na kufua za wageni. Ubalozi ulihama, na mwaka 2024 Uchina ikafunga mlango wa watoto kuasiliwa nje. Vigari havipo tena.

Hatua ya sita: ingia hotelini

Usiogope mlango mkubwa. Hoteli za kifahari za wakati ule zilikuwa za wageni na wenye vyeo. Mchina wa kawaida alizuiwa mlangoni. Fok alisisitiza kwamba yake iwe wazi kwa kila mtu, na ilipofunguliwa watu wa Guangzhou walimiminika, familia kwa familia, wake kwa waume, kuona tu ndani kukoje. Walikuwa wamevuka madaraja yaleyale, yasiyo na geti.

Pita mapokezi, nenda moja kwa moja. Katikati ya ukumbi, chini ya paa la kioo, kuna mwamba wa kutengenezwa, kijumba cha Kichina kileleni, na maji yanaporomoka hadi kwenye bwawa la samaki. Kwenye mwamba zimechongwa herufi tatu zenye maana ya "maji ya nyumbani", kwa ajili ya Wachina waliorudi kutoka ughaibuni. Nyuma yake kuna madirisha makubwa yanayoangalia mto. Chai na vitafunio vya Kikanton vinapatikana, ila uliza kwanza vina nini ndani, maana nguruwe ni wengi. Kama hununui kitu, simama tu kwenye ukingo wa bwawa. Watoto watakuwa wanahesabu samaki, bibi mmoja atakuwa amekaa kupumzisha miguu, na hakuna atakayekuuliza namba ya chumba. Ukitosheka, toka kwa daraja la magharibi. Huangsha ni mwendo wa dakika kumi, na maduka ya jumla bado yatakuwa wazi.